Mguu wa Aikande na Karatasi ya Baba Yake

Mafundi wenzangu mnaobaki kazini, nawashukuru kwa pilau na kwa saa ya ukutani mliyonipa siku ya kuniaga. Mtu akishaachishwa kuamka alfajiri, ndipo anapewa saa. Haya. Nimeitundika, na mke wangu anaipenda kuliko anavyonipenda mimi. Mlisema pia niandike machache ya kazi yetu ya viatu ili vijana wasome. Ya vyeo sitaandika, maana mnajua vilivyokwenda, na waliovipata wamo humo humo wanasoma. Nitaandika miaka ile ya hamsini nilipoanza kazi Kariakoo. Iliyofuata mliiona wenyewe, au mmesimuliwa na waongo.

Nilifika Dar es Salaam kutoka Nachingwea nikiwa mtu mzima, nina mke na ndevu za kutosha. Tulipanga chumba Buguruni, ambayo wakati ule ilikuwa minazi na mchanga, na kila asubuhi nilitembea kwa miguu mpaka Mtaa wa Mchikichi. Hapo palikuwa na duka la viatu la Mhindi mmoja mzee tuliyemwita Babu Miwani. Yeye alikaa mbele na wateja. Sisi mafundi wanne tulikaa nyuma, uani, chini ya bati lililotupika kama maandazi. Mkubwa wetu alikuwa Fundi Athumani, Mzaramo wa Kisarawe, mwenye mikono mizuri kuliko yote niliyopata kuiona na mdomo mbaya kuliko yote niliyopata kuusikia.

Siku yangu ya kwanza alinipa kopo la misumari iliyopinda.

"Inyooshe," akasema.

Nikainyoosha tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Nilipomrudishia, aliichagua mmoja mmoja, akaitupa yote mchangani, akaniambia niiokote. Siku ya pili nilipaka nta uzi wa katani. Siku ya tatu vilevile. Ngozi niliruhusiwa kuishika mwezi wa pili, na siku hiyo hiyo nilipitisha kisu mahali pasipopita kisu, nikala kofi la kisogo. Nyie siku hizi mnaingia asubuhi, "mambo", "poa", saa nne mna mashine mkononi. Sisemi kitu. Nasema tu kwamba msumari niliounyoosha mimi haukuwahi kutoboa soksi ya mtu.

Alinifundisha msharasi, ile sindano nene ya mpini tunayotobolea ngozi, jinsi ya kuushika ili utoboe ngozi usitoboe goti. Alinifundisha kunusa ngozi nikajua kama imelowekwa vya kutosha. Alinifundisha kalibu, kile kigogo cha mti chenye umbo la mguu, tunachokivalisha ngozi mpaka igeuke kiatu. Kalibu zetu zilitoka Ulaya, zimechongwa kufuata miguu ya huko, miembamba mbele. Miguu ya Kariakoo ilikuwa imekulia peku, mipana, vidole vimetawanyika kila kimoja na mambo yake. Niliwahi kumuuliza Fundi tunafanyaje.

"Mguu utazoea," akasema. "Wewe Mmwera hukuzoea mji?"

Kipimo tulichukua kwa karatasi ya kaki. Mteja anakaa kwenye kigoda, anaweka mguu juu ya karatasi, penseli inazunguka. Lakini msichana aliyekwishavunja ungo, au mke wa mtu, hakushikwa mguu na fundi. Mumewe au mzazi wake ndiye aliyeinama akachora, na sisi tuligeuza uso kidogo. Desturi hiyo sikuitukana na sitaitukana leo. Heshima ni heshima. Ila mjue kwamba penseli ilikuwa inashikwa na mtu asiye fundi.

Sheria nyingine ya Fundi Athumani ilikuwa hii: mbele ya mteja, mdomo ni wake peke yake. Selemani, mwenzangu wa kigoda cha kushoto, alimwambia mteja mmoja kwamba soli aliyoichagua itaisha kabla ya masika. Alisema kweli. Kesho yake kigoda cha kushoto kilikuwa kitupu, na mke wangu ndiyo kwanza ana mimba ya miezi mitano. Nikajifunza kunyamaza haraka kuliko nilivyojifunza kushona.

Huo ulikuwa mwaka wangu wa tatu, na mwezi uliofuata ndipo alipokuja Aikande.

Aliingia baba yake kwanza, karani wa serikali, Mchaga wa Machame, suruali imepigwa pasi mpaka inakata, kalamu mbili mfukoni. Nyuma yake binti wa miaka kumi na sita, mrefu, miguuni raba nyeupe. Nilikuwa nimeinama napaka gundi, kwa hiyo niliziona raba kabla ya uso. Zilikuwa zimekatwa matundu kwa wembe, moja kila upande, pale kidole gumba kinapoanzia. Kwenye matundu vilitokeza vinundu viwili, vyekundu, vinang'aa kwa kuvimba. Vidole gumba vyenyewe vilikuwa vimelalia wenzao.

"Shikamoo, fundi," binti akasema.

"Marahaba, mwanangu," Fundi Athumani akaitikia. "Karibuni vigoda."

Baba mtu hakukaa. "Fundi, nimezunguka mji mzima. Maduka yote ya huko mbele nimeyamaliza. Kila kiatu cheusi akivaa, machozi. Na lazima avae." Akatoa karatasi iliyopigwa taipu, akaisoma kwa sauti ya ofisini. "Viatu vyeusi vya ngozi, vya kufunga kamba, vinavyofunika vidole. Raba na ndara hazitakubaliwa."

"Anakwenda wapi?"

"Chuo cha ualimu cha wasichana, huko bara. Wachaguzi wako hapa mjini Jumatatu ya wiki ijayo. Nafasi chache, wasichana wengi. Fundi, mimi ukoo mzima nimeubishia kwa ajili ya mtoto huyu. Ndugu zangu kule nyumbani wameshamwona mwanamume, mzee rika langu, amefiwa na mke na ana watoto wanaomzidi Aikande. Nimewaambia hapana, huyu atakuwa mwalimu. Asipochukuliwa, sina la kuwajibu tena."

Binti alikuwa anatazama chini. Nilimhurumia, na nilimpenda baba mtu pia, siwezi kusema uongo. Wanaume waliobishana na ukoo kwa ajili ya binti hawakuwa wengi miaka ile.

Fundi Athumani akatandika karatasi ya kaki, akampa karani penseli. Karani akapiga goti na suruali yake ile. Alikuwa na mkono mzuri, mkono wa mtu wa kuandika. Penseli ilianzia kisiginoni, ikapanda taratibu, ikafika kwenye kinundu. Hapo ikanyooka. Haikukizunguka. Ilipita chini yake, kama hakipo, ikaenda zake kwenye kidole. Mguu wa pili vilevile. Akainuka, akaitazama karatasi, akaridhika. Ulikuwa mguu mzuri sana, ila hapakuwa na mtu mwenye mguu ule pale uani.

Tena alimchora amekaa. Mguu uliokaa na mguu uliosimama ni vitu viwili. Ukibeba mwili unatanuka, na mguu wenye vinundu unatanuka zaidi. Hilo liandikeni, nawapa bure.

Niliona. Fundi Athumani naye aliona, siwezi kumsingizia upofu. Walipoondoka nilimsogelea.

"Fundi, karatasi ile."

"Imefanyaje?"

"Haina vinundu."

Akaikunja karatasi. "Baba amechora mguu wa mwanawe. Wewe ulitaka nimwambie nini mbele ya watu? Kwamba mwanawe kilema? Binti anatafutiwa chuo, kesho anatafutiwa mume, na mtaa huu una masikio. Tutailoweka ngozi vizuri. Ngozi ina adabu, itaufuata mguu."

Nikarudi kwenye kigoda changu. Kazi ya kuvalisha kalibu nilipewa mimi. Dawa yake ni ndogo sana, ndiyo inayoniuma mpaka leo: unabandika kipande cha ngozi ubavuni mwa kalibu, pale kinundu kilipo, kiatu kinapata nafasi. Kipande nilikuwa nacho mkononi. Nikakishika, nikamwangalia Fundi, nikakiangalia kigoda kitupu cha Selemani, kipande nikakitupa.

Jumamosi wakaja kujaribu. Viatu vilikuwa vizuri, hata Babu Miwani alitoka dukani kuvitazama. Aikande akavaa, akafunga kamba, akasimama. Niliuona mdomo wake ukifungwa kama mfuko.

"Vinabana?" baba yake akauliza.

Akamtazama baba yake, akamtazama Fundi, akanitazama mimi. "Havibani, baba. Ahsante."

"Tembea."

Akatembea hatua nne kwenda na nne kurudi. Ewe msomaji fundi, mtoto aliyelelewa kwa adabu hawezi kusema mbele ya watu kwamba zawadi ya baba yake inamuumiza. Sisi wazee ndio tunaomfundisha hivyo kwa bakora, halafu tunajifanya kumuuliza. Na mimi nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake, nina mdomo na meno yote.

Jumatatu mchana wakarudi. Aikande alikuwa amejifunga kanga ya mama yake, miguu peku, vinundu vimechubuka mpaka nyama inaonekana. Alikuwa ametembea navyo kutoka Ilala, akakatisha Mnazi Mmoja mpaka mjini, kisha wakawasimamisha wasichana mistari juani, maana mwalimu, wakasema, lazima ajue kusimama. Alivumilia saa nzima. Ya pili ikamshinda, akatoka mstarini, akakaa chini, akavua viatu. Mama wa Kizungu aliyekuwa akipita na daftari akamuuliza jina, akaandika: hana uvumilivu.

Karani aliviweka viatu mbele ya Fundi Athumani. Sauti yake ilikuwa imekwisha. "Nimewaomba, fundi. Nimewapigia magoti, mimi mwenyewe. Wamekubali wamuone tena Jumamosi pamoja na wawili waliokuwa na homa. Hebu angalia, kosa liko wapi?"

Fundi akaleta karatasi ile, akasimamisha kiatu juu yake. Kikakaa sawasawa juu ya mstari, hakikuzidi, hakikupungua.

"Viatu havina kosa, bwana karani. Kosa ni la mguu."

Na karani, wallahi, akaitikia kwa kichwa. Wanaume wawili wazima wakauhukumu mguu wa mtoto, na mwenyewe amesimama juu yake. Fundi akaviloweka viatu, akavipanua kwa kabari za mti, akamrudishia. Kupanua ni kama kumbembeleza nyumbu, anasogea kidogo kisha anarudi alipokuwa.

Alhamisi, saa ya chakula, nikaenda kota za Ilala wanakokaa. Karani yuko kazini. Nilimkuta mama yake Aikande uani anachambua mchele, mwanamke mkimya, mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Nikamwamkia, nikamwambia nilichokuja kufanya. Hakuuliza maswali. Akamwita binti, akakaa kizingitini ili majirani waone kwamba yupo, akasema, "Pima."

"Simama," nikamwambia Aikande. "Usikae. Kanyaga kwa uzito wako wote."

Nikachora mwenyewe. Nilikizunguka kinundu chote, na mama mtu akanishikia mguu nilipotaka kupima kwa uzi.

"Wapi panauma zaidi?"

Alimtazama mama yake kwanza. Nadhani hakuwahi kuulizwa. Kisha maneno yakamtoka kama maji. "Hapa, kaka. Na hapa chini nikikanyaga. Mshono ukipita hapa juu, nasikia mpaka kwenye goti. Kisigino kikiwa kirefu mguu unateleza mbele, ndiyo mbaya zaidi. Asubuhi afadhali, mchana unavimba."

Katika miaka yote ya kazi sijapata kipimo kizuri kuliko hicho.

Ijumaa duka lilifungwa adhuhuri kwa ajili ya sala. Niliswali upesi, Mungu anisamehe, nikarudi Buguruni. Nilikuwa nimeazima kalibu ya dukani bila kuomba. Nyie mnaita kuiba. Nikabandika vipande ubavuni, nikavinyoa mpaka vikafanana na mchoro. Nikatumia ngozi laini ya mbuzi ndani, na juu nikaweka kipande kimoja kizima kisicho na mshono mahali pa kinundu. Kisigino kifupi. Nilikuwa nimeanza kukata tangu alfajiri, na nilimaliza kupiga rangi jua likiwa bado lipo. Mke wangu akavitazama.

"Vibaya," akasema. "Lakini mtu atatembea."

Kweli vilikuwa vibaya. Vilikuwa vipana mbele, vimetoka mashavu. Kiatu kilichosema kweli.

Jumamosi asubuhi na mapema nilikuwa Ilala. Aikande akavaa, akasimama. Akangoja maumivu. Hayakuja. Akatembea mpaka bombani, akarudi. Akaenda tena, safari hii akikimbia, akacheka kwa sauti, na mama yake aliyekuwa mlangoni akaziba mdomo kwa upindo wa kanga. Mimi nilijisikia fundi kwa mara ya kwanza.

Karani akatoka ndani, anafunga tai. Akasimama.

"Nini hivyo?"

"Viatu, bwana. Vya mguu wake."

Akainama, akavitazama kwa karibu. Alipoinuka uso ulikuwa umembadilika. "Hivi ni viatu vya kilema."

"Baba, haviumi," Aikande akasema. "Baba, naweza kusimama hata mpaka jioni."

"Na wale watu wataona nini? Wataona miguu kabla hawajaona akili. Wataandika kilema, mwanangu. Hujui wanavyoandika, mimi ndiye ninayewaandikia." Hakuwa anafoka. Ingekuwa nafuu angefoka. "Vile vingine fundi mkubwa amevipanua. Utavumilia. Saa mbili tu. Mimi nimevumilia mangapi?" Kisha akanigeukia. "Fundi Athumani anajua kwamba uko hapa?"

"Hajui, bwana."

"Basi chukua vitu vyako."

Aikande alikuwa amechutama, mikono iko kwenye kamba za viatu, hajazifungua. Akaniangalia.

"Mweleze, kaka," akasema. "Mweleze ile karatasi. Uliona."

Karani akaningoja. Alikuwa ananingoja kweli, mpaka leo naamini kwamba ningesema angesikia. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi: bwana, penseli yako haikupita kwenye kinundu. Lakini nilimwona Fundi Athumani akiambiwa, nikakiona kigoda changu kimebaki kitupu, nikaliona tumbo la mke wangu. Nikasema, "Sijui karatasi gani."

Aikande akavua viatu. Akavifuta soli kwa kiganja, akanipa kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa.

Siku hiyo alisimama mpaka mwisho, habari nilizipata baadaye. Hakutoka mstarini. Hakuvua. Alipoitwa ubaoni kuandika, alikwenda ameshika meza moja baada ya nyingine, akafika ubaoni akaegemea, jasho linamtiririka. Wakampa maji. Wakaandika kwamba afya yake haifai kwa kazi ya kusimama. Jumatatu hana uvumilivu, Jumamosi anao kupita kiasi, na mara zote mbili jibu likawa moja.

Tangu hapo nimepima miguu ya mahakimu na ya wapagazi wa Feri, na kila mguu nimeusimamisha juu ya karatasi. Mwenye mguu namuuliza akiwa peke yake, anayelipa namtuma nje akanunue sigara. Akisema "havibani" upesi upesi, simuamini. Mlikuwa mnanicheka kwa hayo mkidhani ni uzee.

Wiki mbili baadaye mama yake Aikande alikuja dukani na ndara za kutia gidamu, ule ukanda wa kidoleni. Fundi Athumani akampokea kwa heshima, akamuuliza binti hajambo, alichaguliwa? Mama akasema hakuchaguliwa. Shangazi yake alikuja kumchukua, wameondoka kwa basi juzi, harusi ni baada ya mavuno ya kahawa.

Fundi akasikitika. Alisikitika kweli, aliweka nyundo chini. "Pole sana, mama. Mungu ndiye mpangaji. Mimi nasikitika kwa sababu ile kazi ilikuwa nzuri. Viatu vile havikuwa na kosa lolote." Akanigeukia, maana mimi ndiye niliyevivalisha. "Au vipi, Hamisi?"

Mama yule alikuwa amesimama mbele yangu. Alikuwa amemwona mwanawe akikimbia mpaka bombani.

"Ndivyo, fundi," nikasema. "Havikuwa na kosa."

Mama Aikande akaitikia taratibu, akaweka ndara zake juu ya meza, akauliza zitakuwa tayari lini.